Tarumbeta Alipovaa Joho

Watu wakisikia kwamba yule meya wa zamani ni kaka yangu wa tumbo moja, hushusha sauti, wakanipa pole, kisha wakangoja nimtetee. Wanangoja bure. Mema yake nitayasema kwa sababu alikuwa nayo, na mabaya yake nitayasema kwa sababu niliyaona kwa macho haya. Kumtetea, hapana.

Alizaliwa na mdomo. Baba yetu alikuwa mpakuzi wa magunia ghalani, mtu wa maneno machache; akirudi jioni alitaka maji ya kuoga na kimya. Kaka hakuwa na kimya cha kumpa mtu. Akitumwa dukani alirudi na habari za mtaa mzima, na kile alichotumwa amekisahau. Shuleni hesabu zilimpiga chenga, lakini mwalimu akichelewa, yeye ndiye aliyesimama mbele akamwigiza, kikohozi na yote, mpaka wa darasa la pili wakachungulia dirishani. Mama alikuwa akisema, "Huyu ulitangulia kuzaliwa mdomo, mwili ukafuata."

Mimi nilijifunza ushonaji, nikaolewa na mtu mwenye pikapu. Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, lakini juu ya paa ilikuwa na vipaza sauti viwili vilivyotazama mbele na nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mume wangu: matangazo. Wakati huo simu zilikuwa za maofisini, na redio ilikuwa ya nchi nzima. Redio haikujua kwamba kuna mtoto amepotea sokoni, amevaa kaptura ya bluu na kiatu kimoja. Gari letu lilijua. Maji yakikatwa, gari lilipita. Mtu akifariki, gari lilipita, na kabla halijamaliza kuzunguka watu walikuwa wameshaanza kufika msibani.

Mume wangu alijua kuendesha, ila mbele ya maikrofoni alikuwa kama mtu anayesomewa hukumu. Nikamwambia, "Mchukue kaka. Anapayuka bure tangu azaliwe, bora apayuke kwa faida." Akamchukua. Wiki hiyo hiyo mji mzima ukampa jina la Tarumbeta.

Na niseme haki, alikuwa fundi. Kwa sabuni na magodoro alikuwa na sauti ya kukuchekesha hadi umwage chai. Kwa msiba aliishusha, akaipunguza mwendo, akataja jina la marehemu kana kwamba ni jirani yake. Nimeona wanawake wakisimama na ndoo kichwani, wakilia kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Miaka mingi walifanya kazi pamoja, shemeji na shemeji, wakila sahani moja kwangu, na kaka akilala chumba cha nyuma bila mtu kumuuliza ataondoka lini.

Siasa ilimkuta humo humo garini. Mgombea mmoja wa udiwani, mwenye mashine za kusaga, alikodi gari limpigie kampeni. Siku za mikutano watu walijaa, lakini Tarumbeta akimaliza kumkaribisha mgombea, wanaanza kuondoka. Yule mwenye mashine alishindwa, na kaka akajifunza jambo. Uchaguzi uliofuata alisimama mwenyewe. Gari lilikuwa letu, mafuta yetu, suti niliishona mimi kwa kitambaa kilichobaki kwenye kazi ya bwana harusi. Akashinda kwa kishindo.

Nilisema nitataja mema yake. Kulikuwa na jaa la taka nyuma ya shule ya msingi, limekaa hapo tangu sisi wadogo, na watoto walisoma wamejibana pua. Kila mwaka baraza la jiji liliahidi kuliondoa. Kaka akapita na gari akiwaambia watu waje na majembe na mikokoteni. Walibeba zile taka, wakazishusha kwenye ngazi za baraza, mbele ya mlango mkubwa wa vioo. Kesho yake malori yalikuja. Siku ile nilijivunia kaka yangu, na sijafuta fahari hiyo. Ilikuwa halali yake.

Umeya aliupata kwa ugomvi wa wengine. Madiwani waligawanyika makundi mawili yanayochukiana, kila moja na mtu wake, na kura zikawa zinafungana. Mwisho wakakubaliana kumweka mtu asiye na kundi, mcheshi, ambaye kila upande uliamini utamshika masikio. Wapiganapo tembo nyasi huumia, ila mara hii nyasi zilivishwa joho na mkufu wa dhahabu.

Hakuna aliyemshika masikio. Kwanza alihama chumba chetu cha nyuma, hilo halikuwa kosa. Akaoa binti wa mwenye mashine yule yule, nalo si kosa. Lakini akaanza kuja kwetu akiwa amekaa kiti cha nyuma cha gari la serikali, dirisha linashuka kidogo, anasema, "Hamjambo hapo?" kisha linapanda. Mume wangu akawa anacheka. "Mwache, bado anajifunza kukaa nyuma. Amezoea mbele na mimi."

Kilichomwuma kaka ni lile jina. Kwenye karamu moja, diwani aliyemchukia aliinuka akaomba "Tarumbeta atupigie tangazo la chakula." Ukumbi ukaangua kicheko. Wifi yangu ndiye aliyenisimulia; alisema kaka alicheka na wenzake, akarudi nyumbani, akakaa na suti yake sebuleni bila kuwasha taa. Baada ya hapo alialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa mameya. Aliporudi alikuwa na wimbo mmoja: miji ya wenzetu ni kimya. Hakuna anayepiga kelele barabarani. Ustaarabu ni utulivu.

Haukupita muda baraza likapitisha sheria ndogo ya kelele. Vipaza sauti barabarani marufuku, viwe vya nani au vya nini. Aliyepeleka hoja ni meya mwenyewe.

Mume wangu hakuamini kwamba inamhusu. "Mimi ni shemeji yake," aliniambia. "Na tangazo la msiba si kelele." Wakati huo mkunga mstaafu wa mtaa wetu alikuwa amefariki, mwanamke aliyewapokea nusu ya watu wa upande wa magharibi, mimi na kaka tukiwemo. Mume wangu akatoka kumtangaza. Hakufika sokoni. Askari wa jiji walimteremsha mbele za watu, wakamvuta kola, wakaondoka na pikapu hadi yadi ya baraza. Mkunga alizikwa na watu wachache kiasi kwamba wachimba kaburi ndio walioimba.

Nilikwenda ofisini kwa kaka nimevaa viatu vya kutokea. Mwandishi wake muhtasi akaniketisha kwenye kiti cha ngozi nje ya mlango, akaniuliza jina na shida yangu, ingawa gauni alilovaa nilikuwa nimemshonea mimi. Niliona watu wanaingia na kutoka mpaka kivuli cha dirisha kikahama ukuta. Hatimaye nikaitwa.

"Mdogo wangu," akasema, bila kuinuka. "Kama ni habari ya gari, sheria ni msumeno."

"Msumeno hukata mbele na nyuma. Mbona umekata upande wetu tu?"

"Nikimwachia shemeji yangu, nitamkamata nani?"

"Ulikula kwenye lile gari. Ulilala kwangu kwa lile gari. Hicho kiti ulichokalia kimeletwa na lile gari."

Akatazama mlango kuona kama umefungwa. "Punguza sauti."

"Nani anamwambia nani apunguze sauti?"

Alibonyeza kengele. Mwandishi muhtasi akaja, akanishika kiwiko kwa adabu, na mimi nikatoka. Fadhila za punda ni mateke, nilijua, lakini nilikuwa sijawahi kupigwa teke na punda niliyempikia uji nikiwa na umri wa miaka saba, mama akiwa kazini.

Mume wangu akaanza kubeba mizigo stendi. Pikapu ilikaa yadi, ikinyeshewa.

Sasa nifike pale kwenye maji.

Kaka alikuwa amejenga chemchemi ya mapambo mbele ya baraza: bwawa la marumaru, samaki wa saruji katikati, maji yanaruka juu kutoka mdomoni mwake. Ufunguzi ulipangwa alasiri, na waziri alikuwa anakuja na wageni wa nje. Joho la meya lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya mtu mrefu zaidi, na kaka alikuwa akiburuza pindo. Wifi akanituma mtu: tafadhali njoo ulipunguze. Sikutaka. Mama akanisihi, akasema ugomvi wa ndugu usifike kwenye nguo. Nikaenda.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwake, pini mdomoni, yeye amesimama juu ya kigoda kama sanamu. Mhandisi wa maji akaingia. Alikuwa kijana mwembamba, buti zake zimejaa tope, akakataa kukaa ili asichafue kiti.

"Mheshimiwa, bomba kuu la magharibi limepasuka kando ya mtaro wa maji machafu. Yameingiliana. Watu wasinywe, hata ya kupikia wasitumie. Inabidi watangaziwe sasa hivi."

"Mtafunga lini?"

"Tukifunga leo, kusafisha kutachukua siku kadhaa. Lakini watangaziwe kwanza."

Niliona vidole vya kaka vikichezea mkufu. "Leo nina wageni," akasema.

"Wageni hawaishi magharibi, mheshimiwa."

"Usinifundishe kazi! Nikitangaza sasa, alasiri nafungua nini? Waandishi wataandika meya amefungua chemchemi ya kinyesi. Tumalize shughuli kwanza. Jioni tutabandika matangazo."

Mhandisi alinitazama mimi pale chini, kana kwamba mimi ningeweza kumsaidia. Nikatema pini mkononi. "Kaka, mama anakaa magharibi. Mimi nakaa magharibi."

"Mama nitampelekea maji. Nawe ukifika nyumbani, usinywe. Umeshajua."

Na kweli alimpelekea. Kabla sijamaliza kukusanya sindano zangu, dereva wake alikuwa ameshapakia madumu ya maji safi, akaambiwa apeleke kwa mama, moja kwa moja. Nililiacha joho pindo moja juu, moja chini, nikaondoka.

Nilipita mlango kwa mlango mtaani kwetu, nikigonga mpaka vifundo vikawasha. Wengine walimwaga maji yao. Wengine waliuliza, "Nani kasema?" na nikiwaambia meya mwenyewe anajua, walicheka: angejua angetangaza, si ndiye Tarumbeta? Mume wangu akaacha mizigo stendi, akachukua mitaa ya juu. Lakini mtu hupiga hodi mitaa mingapi? Gari lilikuwa yadi. Kule mjini, alasiri, bendi ilipiga, samaki wa saruji akatema maji, na watu wakapiga makofi.

Jua likiwa linaanza kushuka, gari la serikali likasimama kwetu. Mara hii alishuka. Zahanati ya magharibi ilikuwa imeshajaa watu wanaotapika. Alikuwa bado na joho, pindo la kushoto likiburuza kwenye vumbi.

Akamwambia mume wangu, "Shemeji, nimeagiza pikapu itolewe yadi. Betri wameshaweka. Naomba tutoke."

"Mimi?" mume wangu akauliza.

"Hakuna mwingine anayelijua lile gari."

Nikamwambia mume wangu asiende. Nilisema kaka aende kwa miguu na joho lake, agonge milango kama nilivyogonga mimi. Mume wangu alikuwa tayari anavaa viatu. "Wanaendelea kunywa, mke wangu," alisema. "Huyu nitamchukia kesho." Nami nikapanda nyuma, kwa sababu sikutaka kumwacha peke yake na mtu yule.

Nilichokiona siku ile hakinitoki. Gari liliingia mtaa wa kwanza, na sauti ikatoka, ile ile ya zamani. Watu wakatoka milangoni wakitabasamu! Walidhani siku njema zimerudi. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele. Kisha maneno yakawafikia, na nikaona nyuso zikibadilika, mlango baada ya mlango. Mtu alitazama kikombe alichoshika. Mwingine akakimbilia ndani akiita watoto kwa majina.

Mbele ya kibanda cha kinyozi tukasimamishwa. Kinyozi yule nilimjua sana. Binti yake alikuwa akija kwangu kushonewa sare. Alikuwa amembeba, kichwa cha mtoto kimelala begani, miguu inaning'inia. Akaja mpaka dirishani kwa kaka.

"Ulijua saa ngapi?"

Kaka akasema, "Tunamwahisha hospitali, mpakie—"

"Nimekuuliza. Ulijua saa ngapi?"

Kaka akaigeukia maikrofoni. Tulimpakia mtoto na baba yake nyuma pamoja nami. Watu walikuwa wameanza kuzunguka gari, na ndoo ya kwanza ikamwagwa kupitia dirishani, kisha ya pili, yale maji yale yale, joho likamganda mwilini. Mume wangu akaondoa gari taratibu, honi mkononi. Kaka aliendelea kutangaza. Alitangaza njia yote ya hospitali na mitaa yote ya nyuma mpaka sauti ikakauka, akawa ananong'ona kwenye maikrofoni, na vipaza sauti vikaubeba mnong'ono ule juu ya mapaa. Wapo wanaomsifu kwa hilo hadi leo. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa yule mtoto, nikausikia unavyopoa, na sifa sina.

Walikufa wengi, watoto wakitangulia. Serikali ikaleta kamati ya uchunguzi. Mbele ya kamati, kaka alisema mhandisi alimwarifu baada ya ufunguzi, naye akachukua hatua papo hapo, akaingia barabarani yeye mwenyewe. Magazeti yakachapa picha yake na joho lililolowa. Mhandisi akawekwa ndani.

Ndipo familia ikaniita. Tulikaa sebuleni kwa mama. Madumu yale yalikuwa bado kwenye kona, mawili yamebaki na maji.

"Wewe ulikuwa unashona," kaka alisema. "Fundi akishona hasikii."

"Nilisikia."

"Damu ni nzito kuliko maji," mama akasema kwa upole.

"Inategemea maji gani, mama."

"Usinijibu hivyo. Kaka yako ana kosa, lakini alinikumbuka. Siku ile, katika shughuli zake zote, alinikumbuka mimi."

"Na kinyozi alimkumbuka nani? Hayo madumu ndiyo yanayomfunga, mama. Asingekuwa anajua, angekuletea ya nini asubuhi?"

Mama akaweka mkono mdomoni. Sidhani alikuwa amelifikiria. Kaka aliinuka akanisogelea karibu sana, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo zangu zote umeshona wewe."

"Basi kazivue," nikasema.

Kesho yake nilikwenda kwenye kamati. Niliwaambia kuhusu kigoda, pini, buti zenye tope, na kila neno lililosemwa juu ya kichwa changu. Waliniuliza kama nina chuki na meya. Nikasema ninayo, tena nyingi, na kwamba haibadilishi saa aliyoambiwa. Wakamwita dereva wa madumu, naye akakiri. Mhandisi aliachiwa. Madiwani, yale makundi mawili yaliyokuwa hayasalimiani, yalikubaliana kwa mara ya kwanza, na kaka akavuliwa umeya kwa kura ya siku moja. Kesi ilifunguliwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, ikafa kifo cha kesi za wakubwa. Jela hakuiona.

Wifi alimrudisha kwao, akawa msimamizi wa mashine za kusaga za baba mkwe. Sheria ya kelele ilifutwa kimyakimya. Mume wangu akatengeneza pikapu, akaajiri dada mmoja mwenye sauti kavu, asiyechekesha mtu, lakini anayesikika vizuri. Kinyozi alifunga kibanda akahama. Hakuniaga, na sikutegemea aniage.

Mama hakuja kwangu tena. Nilikuwa nikienda mimi, napokewa vizuri, nakaribishwa chai, na hatuzungumzi lolote. Alifariki akiwa bado amenikasirikia kwa utulivu, kama alivyofanya kila kitu.

Kwenye mazishi kaka alisimama kumzungumzia. Hakuwa na kipaza sauti. Alizungumza taratibu, jinsi mama alivyotoka kazini amechoka akacheka kwanza kabla ya kuketi, na watu wote wakalia, nami nikalia, nikamchukia kwa kuniliza.

Watu walipotawanyika, nilikuwa nakusanya viti vya kukodi uani. Kaka akampa mume wangu mkono, mume wangu akaupokea. Yeye ni mtu wa namna hiyo. Kisha akaja kwangu. Nywele zilikuwa zimeshaingia mvi, shati limepauka kwa unga.

"Mdogo wangu, tumebaki wawili."

Nilikunja kiti. Alisimama kidogo, halafu akaenda mwisho wa safu akaanza naye kukunja, kimoja kimoja, akivipanga ukutani kwa uangalifu. Tukawa tunasogeleana, hadi tukafikia kiti cha mwisho, na yeye ndiye aliyekishika. Nikakichukua mkononi mwake.

"Hivi nitavirudisha mwenyewe," nikamwambia. "Wewe nenda, usichelewe gari."

Akafuta mikono kwenye suruali, akaenda.